Afungiwe au Aachwe?

Hebu fikiria. Ni Jumamosi mchana, uko kwenye foleni ya gemu. Runinga ni moja, pedi ni mbili, vijana ni kumi na wawili. Sheria mnaijua: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anaachia pedi na kurudi mwisho wa foleni. Umesubiri nusu saa nzima. Zamu yako inafika, unakaa, na mwenzako anachagua mhusika yule yule aliyewatoa wote waliokutangulia. Dakika moja haijaisha, kwisha habari yako. Unasimama. Nyuma yako mtu anapiga kelele, "Huyo afungiwe bwana! Huyo si haki!"

Je, anasema kweli? Au ni hasira ya kushindwa tu?

Mimi swali hili lilinikuta kwenye kituo cha vijana ambako huwa nakwenda kufundisha mambo ya afya. Siku hiyo nilipanga kuzungumza juu ya hasira na msongo wa mawazo. Sikuwahi hata kufungua daftari. Vijana wawili wa kidato cha pili, marafiki wa tangu shule ya msingi, walikuwa wameshikana mashati. Mmoja ameshachanika mfuko. Ugomvi wa nini? Wa Eddy Gordo.

Kama humjui, Eddy ni Mbrazili anayepigana kwa mtindo wa capoeira katika mchezo wa Tekken 3, uliotoka mwaka 1997 kwenye mashine za kumbi za michezo na 1998 kwenye PlayStation. Gemu ya zamani, ndiyo, lakini kituo kimepewa mashine iliyotumika na hiyo ndiyo diski iliyokuja nayo. Sifa ya Eddy ni kwamba ukibonyeza vitufe vya teke ovyo ovyo, bila kujua unafanya nini, yeye anazunguka, anapinduka, anasimama kwa mikono, na mateke yanatoka kila upande. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumtoa kaka yake wa kidato cha nne. Si unajua inavyouma hiyo!

Basi nikaacha somo langu, tukaanzia hapo hapo. Maana jambo hili si la kitoto kama linavyoonekana. Huko Marekani na Japani watu wazima wanaoshindana kwa fedha wamebishana juu yake kwa miaka zaidi ya thelathini.

Kisa cha Akuma

Mwaka 1994 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Super Street Fighter II Turbo. Ndani yake walimficha mhusika mmoja, Akuma. Humwoni kwenye orodha. Ili kumpata ilibidi ujue mpangilio wa siri wa kubonyeza. Aliwekwa kama bosi wa kushtukiza, si kama mmoja wa wachezaji wa kawaida waliopimwa nguvu zao ili walingane na wenzao.

Sasa tazama alichokuwa nacho. Katika mchezo huu wahusika wengi hurusha mpira wa moto unaokwenda sambamba na ardhi. Ukiuona unakuja, unauruka, na ukiangukia karibu na aliyeurusha unampiga vizuri. Kwa hiyo kila anayerusha anajiweka hatarini kidogo, na hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo. Akuma yeye anaweza kuruka juu, kisha akiwa hewani akaurusha mpira wa moto kwa mshazari kuja chini. Huwezi kuuruka kwa urahisi, na ukijikinga anatua salama na kuanza upya. Wahusika wengi hawana jibu kabisa. Wakijikinga wanabanwa, wakisogea wanapigwa.

Mashindano ya Marekani yakamfungia. Japani hawakuhitaji hata kuandika sheria. Wachezaji wenyewe walielewana kimya kimya kwamba Akuma hachaguliwi, na anayemchagua anaonekana hana adabu.

Mmarekani David Sirlin, aliyekuwa mshindani katika mchezo huo na baadaye akawa mtengenezaji wa gemu, aliandika kitabu kiitwacho Playing to Win. Humo anawashauri wachezaji waache kulialia, kwani wengi wanaosema "si haki" hawajajitahidi kutafuta jibu. Lakini kuhusu Akuma anakubali afungiwe. Anasema marufuku nzuri lazima iweze kutekelezwa, iwe na mpaka ulio wazi, na iwe na sababu ya kutosha. Kumkataza Akuma ni wazi: amechaguliwa au hakuchaguliwa, kila mtu anaona. Kumkataza mtu "asibonyeze ovyo" haiwezekani. Nani atapima? Mtaishia kuvutana kila baada ya dakika mbili. Na sababu ya kutosha kwake si kwamba mhusika ana nguvu. Sababu ni pale mchezo mzima unapogeuka kuwa yeye peke yake, hata wengine wote hawana maana ya kuchaguliwa.

Hapo kwenye sababu ndipo watu hugombana. Mfano ni mhusika wa mchezo huo huo, Sagat katika umbo lake la zamani. Wajapani walielewana wasimtumie. Wamarekani wakamruhusu, na wala mchezo haukufa. Mchezo ni ule ule, Sagat ni yule yule, lakini wameamua tofauti. Kumbe basi mashine haitoi jibu. Jibu hutolewa na watu.

(Kuna kichekesho kidogo. Mwaka 2008 mchezo huo ulitolewa upya, na Sirlin mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kusawazisha nguvu za wahusika. Alijaribu kumpunguza Akuma ili naye akubalike. Bado akawa na nguvu mno, akafungiwa tena.)

Waliochelewa kuamua

Mwaka huo huo wa 2008 Nintendo walitoa Super Smash Bros. Brawl. Mhusika mmoja, Meta Knight, akaanza kutawala. Kadiri watu walivyocheza ndivyo ilivyoonekana kwamba hakuna mhusika anayemzidi. Ukitumia yeyote mwingine, angalau kuna mmoja wa kukusumbua. Meta Knight hakuwa na wa kumsumbua.

Kwanza walijaribu njia za kati, na mimi hapa nawapongeza. Alikuwa na mbinu moja ya kutoweka asipigike, na mchezaji mjanja aliweza kuirefusha atakavyo. Mbinu hiyo ikakatazwa, yeye akabaki. Kisha, kwa kuwa alipenda kuning'inia kwenye ukingo wa uwanja ambako kumgusa ni shida, mashindano kadhaa yakaweka idadi ya mara anazoruhusiwa kuushika. Ni kama kwenye mpira. Hatumfukuzi kipa kwa kuwa anadaka. Tunamwambia eneo la kutumia mikono linaishia hapa.

Hazikutosha. Mwaka 2011 kamati ya waandaaji wa mashindano huko Marekani ikapiga kura Meta Knight afungiwe kuanzia 2012. Kumbuka, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu baadaye. Kuna watu walikuwa wametumia miaka yote hiyo kumjifunza yeye tu. Wanaambiwa waanze upya. Wewe ungekubali?

Wengi hawakukubali. Januari 2012 shindano kubwa la Apex huko New Jersey lilimruhusu, na bingwa akawa Mjapani aliyemtumia huyo huyo Meta Knight. Waandaaji wengine nao wakafanya wanavyotaka, na kabla mwaka haujaisha marufuku ile ilikuwa imesambaratika. Mimi sisemi kamati ilikosea kuhusu nguvu za Meta Knight. Huenda walikuwa sahihi kabisa. Ila sheria isiyokubaliwa na wanaotakiwa kuifuata haidumu, hata kama hesabu zake ni nzuri.

Siku hizi watengenezaji wanaweza kurekebisha mchezo kwa njia ya intaneti. Mhusika aitwaye Leroy Smith aliingizwa kwenye Tekken 7 Desemba 2019. Mwezi uliofuata, kwenye shindano la EVO Japan, wachezaji sita kati ya wanane wa mwisho walimtumia yeye. Muda mfupi baadaye kampuni ikampunguza nguvu. Kwa mwenye diski ya zamani na mashine isiyo na intaneti, msaada huo haupo. Inabidi mkae chini wenyewe.

Tulivyokaa chini

Kitu cha kwanza nilichowaambia vijana wa kituo ni kwamba hapigi kura mtu ambaye ametoka kushindwa sasa hivi. Hiyo si dharau, ni mwili. Ukikasirika mwili unamwaga homoni iitwayo adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Umejiandaa kupigana au kukimbia, hukujiandaa kupima hoja. Tembea kidogo, kunywa maji, pumua taratibu. Na aliyeshinda naye asipige kura akiwa bado na pedi mkononi! Yeye furaha ndiyo imemlevya.

Tukakubaliana wiki mbili za kujaribu. Kila mchezo uandikwe kwenye daftari: nani kacheza, na mhusika gani, nani kashinda. Na kila anayetaka Eddy afungiwe kwanza atafute jibu lake. Wiki ya kwanza Eddy aliwatoa watu vibaya, mimi nikiwemo. Wiki ya pili wachache wakagundua kwamba kosa letu lilikuwa kumvamia akiwa katikati ya kuzunguka. Ukitulia, ukajikinga, ukamsubiri amalize, kuna nafasi ya kumpiga. Asiyejua anachobonyeza hajui pia lini ataacha wazi. Daftari likaonyesha Eddy bado anashinda zaidi ya wenzake, lakini si kila mara tena.

Ningeishia hapo ningeona tumemaliza. Kumbe bado.

Siku ya kikao msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa kimya muda wote akanyoosha mkono. Akasema, "Dada, hawa wavulana wana pedi toka wako darasa la pili. Sisi tumeanza juzi. Eddy ndiye peke yake anayetuwezesha kukaa pale zaidi ya mchezo mmoja. Mkimfungia Eddy, mmetufungia sisi."

Chumba kikawa kimya. Tukalifungua daftari upya, safari hii tukitazama nani alikuwa anamtumia Eddy. Ni kweli. Zaidi ya nusu ya michezo yake ilichezwa na wasichana, na na wale wadogo wa kidato cha kwanza. Na walioongoza kulalamika walikuwa wale wale ambao, bila Eddy, wangeshikilia pedi kutwa nzima.

Hapo mjadala ukageuka kabisa. Mmoja akauliza, tatizo ni Eddy au ni hii sheria ya mshindi kubaki? Maana unaposubiri nusu saa kwa ajili ya mchezo mmoja, hata kushindwa kihalali kunauma kama kuibiwa. Wakaibadili: ukishinda mara tatu mfululizo unatoka, ukapumzishe macho na vidole. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa mashindano, kila mtu atumie wahusika watatu tofauti, si mmoja tu.

Kisha wakapiga kura juu ya Eddy, kwa vikaratasi. Saba walisema aachwe, watano wakasema afungiwe. Walikubaliana pia kwamba suala linaweza kufunguliwa tena muhula ujao kama daftari litaonyesha mambo yamebadilika.

Wale marafiki wawili walipiga kura tofauti. Aliyechaniwa mfuko alikuwa upande ulioshindwa, na mpaka leo anasema tumekosea. Ndiye aliyeomba kulitunza daftari. Kila Jumamosi utamkuta amekaa kwenye benchi karibu na runinga, kalamu sikioni, akingoja mchezo uishe aandike.

Na kwenu je, shuleni au mtaani, mmeshawahi kumfungia mhusika, au mtu? Mliamuaje? Tuandikieni.