Kinachojificha Chini ya Rangi ya Kucha

Mwaka 1941 daktari wa Marekani, William Bean, alijichora alama ndogo kwenye ukucha wa gumba la kushoto, pale pale unapotokeza kwenye ngozi. Alama ikawa inasogea, naye akihesabu siku hadi ifike nchani, kisha akachora nyingine. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32, ukucha wake ulikuwa ukiota milimita 0.123 kwa siku. Alipofikisha miaka 67, kasi ilikuwa imeshuka hadi milimita 0.095.

Watu wengi hawako mbali na kipimo hicho. Kucha za mikono huota takriban milimita 3 kwa mwezi, za miguu nusu ya hapo. Aliyewahi kupaka hina kwenye kucha, kama wafanyavyo maharusi wa Mombasa na Zanzibar, ameyaona haya kwa macho yake. Wiki chache baada ya sherehe, sehemu isiyo na rangi huanza kutokeza nyuma ya ukucha, na kwenye kidole cha kati huwa ndefu kuliko kwenye kidole cha mwisho. Ukucha wa mkono huchukua kama miezi 6 kuota wote upya. Wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo mtengeneza kucha akimwahidi mteja kwamba ukucha ulioharibika utakuwa safi baada ya wiki mbili, anamdanganya, hata kama nia yake ni njema.

Sehemu tunayoikata na kuipaka rangi imekwisha kufa. Ni tabaka juu ya tabaka za seli zilizokauka, zimejaa keratini, protini ile ile inayojenga nywele. Uhai uko kwenye shina, lililojificha chini ya ngozi nyuma ya ukucha. Kipande chake kinachochungulia ndicho kile kijimwezi cheupe kinachoonekana zaidi kwenye gumba.

Shina likiumia, ukucha hutoka na kasoro. Vidoa vyeupe ambavyo wengi husema ni upungufu wa kalsiamu, mara nyingi ni alama ya shina lililogongwa au kusukumwa kwa nguvu, pengine na kijiti cha saluni yenyewe. Hata ugonjwa mkali wa mwili mzima huacha alama. Mwaka 1846 daktari Mfaransa, Joseph Beau, alieleza mifereji inayokata ukucha kutoka upande mmoja hadi mwingine baada ya maradhi mazito, kwa sababu shina lilisimamisha kazi kwa muda. Mfereji ulio milimita 6 kutoka kwenye ngozi unaonyesha kwamba mtu aliugua kama miezi miwili iliyopita. Mtengeneza kucha akipitisha kidole juu ya ukucha anaweza kuuhisi hata kabla ya kuuona.

Kati ya shina na uchafu wa nje kuna kingozi chembamba kilichogandia ukucha. Kazi yake ni kuziba, maji na vijidudu visipenye. Lakini katika saluni nyingi ndicho kitu cha kwanza kukatwa, eti kidole kipendeze. Kikishakatwa, bakteria wana mlango, na baada ya siku chache kidole huvimba, hupwita na kutunga usaha: ndio mdudu wa kidole. Wanaoshinda na mikono majini, kama mama ntilie, wafua nguo na wafanyakazi wa saluni wenyewe, uvimbe wao unaweza kuendelea kwa miezi. Kukilainisha kingozi hicho kwa maji ya vuguvugu na kukisukuma taratibu kunatosha. Kama kuna jambo moja ambalo kila saluni inaweza kuliacha leo bila kutumia hata shilingi, ni kukikata kingozi hiki.

Kucha za kubandika zina hatari yake. Zikiachia kidogo, maji hujificha kwenye uwazi, na humo hustawi bakteria aitwaye Pseudomonas, anayeacha rangi ya kijani. Wengi hudhani ni fangasi. Kosa kubwa ni kuifunika rangi hiyo kwa jeli mpya. Ukucha wa bandia utolewe, ukucha wa asili ukaushwe, mteja amwone daktari, na ajue kwamba doa lenyewe linaweza kubaki hadi ukucha uote.

Mwaka 2000, katika saluni moja ya kaskazini mwa California, zaidi ya wateja 100 walipata majipu miguuni. Wachunguzi walifungua mabeseni 10 yanayozungusha maji na wakamkuta bakteria yule yule katika kila beseni. Nyuma ya vichujio kulikuwa na nywele na mabaki ya ngozi za waliotangulia. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa wamenyoa miguu kwa wembe kabla ya kuja. Somo ni kwamba vifaa visivyosafishwa vizuri hupitisha maradhi kutoka mteja mmoja hadi mwingine, nalo linamhusu pia kijana anayezunguka mitaa ya Dar es Salaam na kikapu chake cha rangi, tupa na mkasi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba. Chanjo ipo, na kila mfanyakazi wa kucha anastahili kuipata.

Fangasi wenyewe hufanya ukucha kuwa mnene, wa manjano na wenye kumeguka. Dawa yake ni ya miezi, na msasa hauwaondoi.

Kuna jambo moja zito kuliko yote haya. Mwaka 1977 mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Saratani ya namna hiyo huweza kuonekana kama mstari mweusi kwenye ukucha, lakini kwa watu weusi, mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida na huongezeka kadiri umri unavyosogea. Wa kutiliwa shaka ni mstari mmoja uliozuka ukubwani, unaopanuka, wenye rangi isiyolingana, au unaomwagikia kwenye ngozi ya pembeni.

Daktari ni nadra kuona kucha za miguu za mtu mwenye afya. Mtengeneza kucha huziona kila mwezi, zikiwa hazina rangi. Apige picha kwa simu ya mteja, na ziara ijayo walinganishe. Damu iliyovia baada ya kidole kugongwa husogea mbele pamoja na ukucha, ikiacha nyuma yake sehemu safi. Mstari unaotoka kwenye shina hauachi sehemu safi, kwa maana shina linaendelea kuutengeneza. Mteja mwenye mstari wa kutiliwa shaka aelekezwe hospitali siku hiyo hiyo, kucha zikiwa bado wazi ili daktari azione.