Udhihirishaji wa Jeni katika Ukuaji wa Mimba: Mfano wa Himoglobini

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyerithi selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na jeni zenye hitilafu tangu mimba yake inapotungwa. Hata hivyo, kwa kawaida huzaliwa akiwa mzima, hunyonya, hunenepa, na dalili za kwanza hujitokeza baada ya miezi kadhaa. Ikiwa hitilafu ilikuwamo tangu mwanzo, ilikuwa wapi muda wote huo?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza jinsi jeni zinavyodhibitiwa wakati kiinitete kinapokua hadi kuwa kijusi, na kijusi hadi kuwa mtoto. Hoja yetu kuu ni kwamba kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kudhihirika ni jambo jingine. Baada ya maelezo ya kibiolojia tutagusia suala la istilahi, kwa kuwa tofauti hiyo huweza kupotea au kuhifadhiwa kutegemea maneno tunayoyateua.

2.0 Jeni na Udhihirishaji Wake

Seli zote za mwili hutokana na seli moja, yaani zaigoti, na karibu zote huwa na DNA ileile. Seli ya ini, ya ngozi na ya ubongo hazitofautiani kwa jeni zilizomo bali kwa jeni zinazosomwa. Jambo hili lilitiliwa nguvu na majaribio ya John Gurdon, mwanabiolojia wa Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1962. Gurdon alitumia chura wa kusini mwa Afrika aitwaye kitaalamu Xenopus laevis. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukipandikiza katika yai ambalo kiini chake kilikwisha kuharibiwa. Baadhi ya mayai hayo yalikua na kuwa viluwiluwi kamili. Hii ina maana kwamba seli ya utumbo haikuwa imezitupa jeni za jicho wala za moyo. Ilikuwa nazo, ila hazikuwa zikitumika.

Jeni hutumika kwa hatua kuu mbili. Hatua ya kwanza ni unukuzi, ambapo kipande cha DNA hunakiliwa kuwa RNA mjumbe. Hatua ya pili ni tafsiri, ambapo ribosomu huisoma RNA hiyo herufi tatu tatu na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Udhibiti waweza kufanyika katika hatua yoyote, lakini sehemu yake kubwa hufanyika kabla ya unukuzi kuanza. Zipo protini ambazo kazi yake ni kujishikiza kwenye DNA. Baadhi huruhusu unukuzi na nyingine huuzuia. Protini hizo tutaziita protini dhibiti. Hujishikiza katika vipande vya DNA ambavyo vyenyewe havitengenezi protini yoyote, na ambavyo wakati mwingine huwa mbali na jeni vinayoihudumia. Vile vinavyochochea unukuzi tutaviita vihamasishi.

3.0 Himoglobini Zinavyopokezana

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Kila molekuli yake ina minyororo minne: miwili ya jamii ya alfa na miwili ya jamii ya beta. Jeni za jamii ya alfa zimo katika kromosomu ya 16, na za jamii ya beta katika kromosomu ya 11.

Katika wiki za mwanzo damu ya kiinitete hutengenezwa katika kifuko cha kiiniyai, na mnyororo wa jamii ya beta unaotumika wakati huo ni epsiloni. Baadaye, katika mwezi wa pili wa mimba, kazi hiyo huanza kuhamia katika ini, na mnyororo wa gama huchukua nafasi. Himoglobini ya kijusi, yenye alfa mbili na gama mbili, hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ile ya mama. Kwa sababu hiyo oksijeni huvuka kondo kutoka damu ya mama kwenda damu ya mtoto. Kadiri siku za kuzaliwa zinavyokaribia, uboho huwa ndio kiwanda kikuu cha damu, na mnyororo wa beta huanza kuchukua nafasi ya gama. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake bado ni ya kijusi. Afikapo takriban miezi sita, sehemu kubwa huwa ni ya utu uzima.

Linalostaajabisha ni kwamba jeni hizi zimepangwa katika kromosomu ya 11 kwa utaratibu uleule zinavyopokezana: kwanza epsiloni, kisha gama mbili, kisha delta ambayo mchango wake ni mdogo, na mwisho beta. Kabla ya kundi zima lipo eneo dhibiti lenye vihamasishi vyenye nguvu. DNA hujikunja hata eneo hilo likakaribiana na jeni moja na kuiacha nyingine. Katika kijusi hukaribiana na gama. Katika mtu mzima hukaribiana na beta. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini dhibiti iitwayo BCL11A ndiyo mojawapo ya zinazoinyamazisha gama. Jeni ya gama, basi, haifutwi. Hubaki mahali pake maisha yote ya mtu, ila imenyamazishwa.

4.0 Selimundu

Sasa swali letu la mwanzo laweza kujibiwa. Hitilafu ya selimundu imo katika jeni ya beta peke yake. Herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo, ambayo ingekuwa asidi glutamiki, huwa valini. Himoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni, molekuli zake hunatana na kujipanga kama nyuzi, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo hutokea maumivu, upungufu wa damu na madhara katika viungo mbalimbali.

Lakini jeni ya beta haisomwi kwa wingi kabla ya kuzaliwa. Kijusi huishi kwa gama, na gama haina hitilafu. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye hali hii haikupinda kwa kiwango cha damu ya wakubwa, akahisi kwamba himoglobini ya kijusi ndiyo iliyowakinga.

Kwa Afrika ya Mashariki suala hili si geni. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuliko katika nyanda za juu zenye baridi.

Ujuzi wa udhihirishaji umezaa tiba. Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ulionyesha kwamba watoto wa Kiafrika waweza kuitumia kwa usalama na kwa manufaa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya Casgevy, ambayo hukata kihamasishi cha BCL11A katika seli mama za damu za mgonjwa. Yafaa kusisitiza kwamba tiba hii hairekebishi jeni ya beta hata kidogo. Huiondolea gama kinyamazishi chake, nayo ikarudi kazini. Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo haidroksiyurea ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa wagonjwa wetu.

5.0 Suala la Istilahi

Je, mchakato huu tuuiteje? Neno "usemi" lingeweza kupendekezwa, lakini tayari lina kazi katika sarufi na fasihi, na tena huifanya jeni ionekane kama msemaji mwenye hiari. Tumetumia "udhihirishaji" kwa sababu mbili. Kwanza, kitenzi "dhihirika" huashiria kwamba kitu kilikuwapo kimefichika kabla ya kuonekana, na hiyo ndiyo hali ya beta katika kijusi. Pili, unyambulishaji wa Kiswahili hutupatia tofauti inayohitajika: "udhihirishaji" ni kazi inayotendwa na protini dhibiti juu ya jeni, ilhali "udhihirikaji" ni hali ya jeni iliyotendewa kazi hiyo.

Tahadhari ihitajikayo zaidi ni juu ya maneno "kurithi ugonjwa". Kinachorithiwa ni jeni. Ugonjwa hutokea jeni hiyo inapodhihirishwa. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba mtoto wake amerithi ugonjwa ana haki ya kuuliza mbona alizaliwa mzima. Asipojibiwa, ataitafuta sababu katika yaliyotukia karibuni: chakula cha kulikiza, kijicho, au mkono wa mtu. Mara nyingi lawama hizo humwangukia mama. Akielezwa kwamba damu ya mtoto hubadilishwa kwa utaratibu wa maumbile, na kwamba hitilafu iliyotoka kwa wazazi wote wawili ilingoja zamu yake, swali lake limepata jibu.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ukuaji wa kiinitete si suala la kuwa na jeni tu, bali la jeni ipi isomwe, katika seli ipi na kwa wakati gani. Mfano wa himoglobini umeonyesha kwamba jeni mbovu yaweza kukaa kimya bila kudhuru, na jeni nzima iliyonyamazishwa yaweza kuamshwa ikawa tiba. Waundaji wa istilahi na walimu wa sayansi wanapaswa kuitunza tofauti hii katika kamusi, vitabu vya shule na vyumba vya daktari, kwa kuwa huko ndiko mzazi atakakoisikia kwa mara ya kwanza.