Mkanda wa Mawimbi na Neno Abunusi: Juu ya Nakshi za Makabati Meusi ya Karne ya 17

Makala haya yamezaliwa na kosa la kusahihisha. Mwanafunzi wetu mmoja wa lisansi alipewa kutafsiri kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa katalogi ya Kifaransa juu ya samani za kale. Katika ukurasa huo mlikuwa na maneno "moulures ondées en ébène". Yeye akaandika "mapambo ya mpingo". Tulitia wino mwekundu juu ya maneno yote mawili, tukaandika pembeni kwamba "moulure" si pambo lolote tu, na kwamba mpingo si "ébène". Tulimkata alama mbili. Katika hukumu hizo mbili, moja ilikuwa na haki. Ya pili imetulazimisha kurudi vitabuni. Kwa kuwa hakuna tafsiri iliyo sahihi pasipo kukijua kitu chenyewe, yafaa tuanze na kitu, ndipo tuyafikie maneno.

Katika karne ya 17 watu wenye mali wa Antwerp, Amsterdam, Paris na Augsburg walipenda kuwa na kabati la namna ya pekee. Halikuwa kabati la nguo. Lilikuwa sanduku kubwa lililosimamishwa juu ya miguu, lenye milango miwili, na ndani yake droo nyingi ndogo za kuwekea sarafu, vito, kombe za baharini na barua za siri. Kwa nje lilikuwa jeusi. Mafundi wa Antwerp walizoea kuubandika weusi huo pamoja na magamba ya ng'amba, wakiyatia rangi nyekundu kwa chini ili wekundu upenye gamba, na mara nyingine pembe za ndovu. Msomaji ataona mara moja kwamba karibu kila kilichokuwa cha thamani katika samani hiyo ya Ulaya kilitoka katika misitu na bahari za nchi za joto.

Lakini mti mweusi una taabu yake. Ukiulainisha na kuung'arisha ukawa bapa tupu, chumbani mwenye mishumaa hauonekani. Ni giza juu ya giza. Dawa waliyoipata mafundi ni kuuzungushia milango, droo na fremu zake mikanda myembamba ya mbao iliyochongwa mawimbi madogo madogo, yanayofuatana kwa nafasi sawa kama vijiwimbi vya maji ya ziwa wakati wa upepo mwanana. Kila mgongo wa wimbi hushika nuru, kila bonde huitupa. Mtu akipita mbele ya kabati na mshumaa mkononi, fremu nzima humeta na kucheza. Hiyo ndiyo "moulure ondée". Wajerumani huiita "Flammleiste", yaani ukanda wa ndimi za moto, na kwa maoni yetu wao ndio waliokitazama kitu vizuri zaidi: Wafaransa wameona maji, wao wameona mwanga.

Mawimbi hayo hayakuchongwa kwa patasi na mkono huru. Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha. Mwaka 1730, Johann Gabriel Doppelmayr, katika kitabu chake juu ya wanahisabati na mafundi wa Nürnberg, alieleza kuwa aliyebuni ufundi huo ni Hans Schwanhardt, seremala wa mji huo aliyefariki mwaka 1612. Hata kama sifa ya uvumbuzi mara nyingi humwendea mtu mmoja kwa kazi ya wengi, ni hakika kwamba chombo chenyewe kilikuwapo, kwa maana mwaka 1676 André Félibien alikichapisha kwa mchoro katika kitabu chake cha misingi ya usanifu wa majengo.

Chombo kilifanya kazi hivi. Ufito wa mbao hufungwa juu ya ubao mrefu unaovutwa kwa mkono au kwa mpini wa kuzungusha. Juu yake, ndani ya fremu, husimama chuma cha kukwangulia ambacho makali yake yamenolewa kwa umbo la ukanda unaotakiwa. Kando ya ufito hulazwa kielelezo chenye mawimbi. Ubao ukivutwa, kielelezo kinapita chini ya ncha iliyoshikamana na fremu ya chuma kile; ncha ikipanda wimbi chuma huinuka, ikishuka chuma huzama. Kielelezo kikiwekwa ubavuni badala ya chini, chuma huyumba kulia na kushoto, na mawimbi hutokea kama nyoka anayetambaa. Zote mbili zikiunganishwa katika ukanda mmoja, jicho halijui tena lianzie wapi.

Tumesema chuma cha kukwangulia, si cha kukata, na tofauti hiyo ina uzito. Randa hukata: makali yake huingia chini ya nyuzi za mbao na kuziinua. Mti mweusi ni mgumu na wenye kuvunjika upesi. Ukiukata kwa kupanda na kushuka utapasuka mgongoni mwa kila wimbi. Kwa hiyo chuma kilisimamishwa karibu wima na kukwangua unga mwembamba tu, mara kumi, mara hamsini, mpaka wimbi limekamilika. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya nguvu. Hata hivyo tusiikatae sifa ya mashine: miaka mia moja na zaidi kabla ya viwanda vya mvuke, hapa palikuwa na chombo kinachonakili umbo kutoka kielelezo bila ya jicho la fundi kupima.

Fundi mwema alijulikana kwenye pembe. Mikanda miwili inapokutana kwa digrii 45, mgongo sharti ukutane na mgongo na bonde na bonde. Anayejua kazi hupima urefu wa fremu ili idadi ya mawimbi iwe kamili; asiyejua hukata popote, na pembe yake huonekana kama meno yaliyovunjika. Jambo lingine la kutazama ni kingo zilizochakaa. Mbao hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo ilibandikwa kwa gundi juu ya mwaloni au mti mwingine wa bei ndogo. Na wengine hawakuitumia kabisa, bali walitwaa mti wa tunda ambalo Wafaransa huliita "poire", ulio laini na wenye nyuzi zisizoonekana, wakautia rangi nyeusi. Mahali vidole vilipogusa kwa miaka mia tatu, rangi imetoka na wekundu wa kahawia umejitokeza. Mti mweusi wa kweli ni mweusi hata ndani.

Kati ya mafundi wa aina hii, tunayemjua hata kwa sura ni Herman Doomer wa Amsterdam. Rembrandt alichora picha yake mwaka 1640, nayo sasa imo katika Metropolitan Museum mjini New York. Kabati linalohesabiwa kuwa kazi yake limo katika Rijksmuseum. Kwa muda mrefu picha hiyo iliitwa "Le Doreur", yaani mpaka dhahabu, kwa kuwa watu walidhani alikuwa mtengenezaji wa fremu za dhahabu. Kumbe mtu yule alikuwa fundi wa mti mweusi. Basi si wanafunzi wetu peke yao wanaokosea kuitaja kazi ya mtu.

Sasa tuje kwenye maneno. Fundi wa mbao wa kawaida huitwa kwa Kifaransa "menuisier", neno linalotokana na kukata vipande vidogo. Mwenye kubandika mti mweusi aliitwa kwanza "menuisier en ébène", kisha kwa ufupi "ébéniste". Leo jina hilo humwendea fundi yeyote wa samani nzuri, hata asiyegusa mti mweusi maishani mwake. Neno limekiacha kitu chake nyuma.

Na "ébène" yenyewe? Wafaransa waliipata kwa Walatini, Walatini kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa Wamisri wa kale, waliouita mti huo kwa neno ambalo wataalamu huandika konsonanti zake hbny. Waarabu wana abnus, na kwa njia yao pwani yetu ikapata abunusi, neno lililomo katika kamusi ingawa wasemaji wa Lubumbashi hawalitumii. Wataalamu wa mimea huliwekea neno "ébène" miti ya jenasi Diospyros. Mojawapo ni mti wa Mauritius, kisiwa ambacho Waholanzi walikalia mwaka 1638 wakaukata mti huo hadi walipokiacha mwaka 1710. Na mbao za baadhi ya makabati tunayoyazungumzia zilitoka huko. Mpingo ni mti mwingine kabisa, Dalbergia melanoxylon, wa jamaa ya kunde, uotao kutoka Senegal hadi Eritrea na kushuka hadi Afrika ya Kusini. Kwa hoja hiyo wino wetu mwekundu ulikuwa na haki.

Bali vipande vya mbao za makaburi ya Misri vilivyochunguzwa, vile vya mti ulioitwa hbny, vimetambuliwa kuwa mpingo. Wamisri waliuleta kutoka kusini, Nubia na Punt. Maana yake ni kwamba jina lilianza juu ya mpingo, likasafiri hadi Ulaya, huko likapewa mti wa Asia na wa visiwa, kisha likarudi kwetu ndani ya katalogi na kutuambia kwamba mpingo siyo wenyewe. Kuandika pembeni "mpingo si ébène", bila ya kueleza zaidi, kulikuwa kurudia sahau hiyo.

Wala si ugomvi wa kamusi tu. Tangu mwaka 2013 miti ya Diospyros ya Madagaska imo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na tangu 2017 karibu jenasi yote ya Dalbergia imo pia. Mwenye kutafsiri hati ya samani akiandika mti usio wenyewe, ofisi ya forodha haitamwuliza habari za Wagiriki.

Kwa hiyo tunapendekeza: abunusi kwa mbao za makabati ya karne ya 17, mpingo kwa mti wa kwetu na kwa samani za Misri ya kale. Kuhusu "moulure", fundi mmoja wa mtaa wa Kenya hapa mjini alituambia "bageti", na hilo linatosha kwa ufito unaopigiliwa kando ya mlango, lakini halionyeshi umbo. Pwani, ambako ufundi wa milango umekomaa, kila sehemu ina jina: mfaa, mwimo, kizingiti. Sisi tungesema mkanda kwa jumla, na "mkanda wa mawimbi" kwa "moulure ondée". Kisha mkanda wa tumbo kwa "quart-de-rond" na mkanda wa bonde kwa "cavet". "Doucine", yenye bonde na tumbo kwa pamoja, bado inatushinda, na wasomaji wa jarida hili wenye baba au mjomba fundi wanaombwa kutuletea neno lake.

Mwanafunzi yule tumemrudishia alama moja. Ya "mapambo" inabaki.