ILE SOKETI YA NJANO CHINI YA KITI CHA GARI, USIIKATE!

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakikalia kila siku bila kukijua: nyaya zilizopo chini ya kiti cha gari.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Anko wangu ana Forester, ile ya mkononi iliyotoka Japani. Viti vikaanza kuchakaa, akaona avishonee ngozi. Akaipeleka kwa vijana wanaoshona viti pembeni ya barabara. Kazi yao kwa macho ni safi mno, siwezi kuwanyima sifa. Viti viwili vya mbele vikafunguliwa, vikashonwa, vikarudishwa jioni hiyohiyo. Anko kuwasha gari anakuta taa nyekundu kwenye dashibodi, kile kimchoro cha mtu aliyekaa na mpira mbele yake, na haizimi. Fundi akamwambia, "Bosi hiyo taa haina shida, gari si linatembea?" Kesho yake anko akaenda kwa fundi umeme mwingine, taa ikazimwa ndani ya dakika kumi. Akalipa, akaondoka na furaha zake.

Mimi ndiye niliyekuja kuiharibu hiyo furaha. Simu yangu ilidondoka chini ya kiti, nikainama kuitafuta, nikaona soketi ya njano imekatwa, halafu mahali pake kuna kidude kidogo kama punje ya mchele chenye mistari ya rangi, kimefungwa na selotepu nyeusi. Tuliosoma fizikia tukakumbuka kile kidude cha maabara. Rezista! Sasa rezista inafanya nini chini ya kiti? Ndiyo nikaanza kuuliza mafundi, kusoma vitabu vya gereji, mpaka leo nawaandikia.

Kwanza tuelewane kuhusu kiti chenyewe. Kiti cha gari siku hizi si godoro na vyuma tu. Kinasogea mbele na nyuma, kinalala, kingine kinapanda na kushuka, na ukifungua bolti zake nne kinatoka chote. Kwa hiyo umeme wake hauwezi kufungwa moja kwa moja kwenye bodi. Lazima nyaya ziachwe na urefu wa ziada ili kiti kikisogea zisivutike, na lazima kuwe na soketi ili kiti kikitoka zitengane. Hizo soketi ndizo unaziona ukiinama, nyeupe, nyeusi, na ile ya njano.

Zile nyeupe na nyeusi nyingi ni za kazi za kawaida. Kama kiti ni cha umeme, kuna waya mnene unaoleta moto kupitia fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 20 au 30, na mwingine wa kurudi kwenye bodi. Mota ya kiti ni rahisi tu, swichi inageuza chanya na hasi, mota inazunguka upande wa pili, kiti kinarudi nyuma. Kuna nyaya nyembamba pia za kuiambia kompyuta kama mkanda umefungwa, na upande wa abiria kama kuna mtu amekaa. Ukikosea hapo, sanasana fyuzi itaungua au gari litakupigia kelele za mkanda.

Ya njano ni habari nyingine kabisa. Njano kwenye nyaya za gari maana yake ni eabegi, ile mifuko inayofumuka ajali ikitokea. Wengi tunadhani eabegi ziko kwenye usukani na dashibodi tu. Angalia ubavu wa kiti cha mbele, upande unaotazama mlango. Ukiona kibandiko au maandishi ya SRS AIRBAG, basi ndani ya mgongo wa hicho kiti kuna mfuko umekunjwa na kifaa cha kuujaza gesi. Volvo waliziingiza kwenye viti vya 850 katikati ya miaka ya 1990, baadaye kampuni nyingine zikafuata. Sababu ya kuziweka kwenye kiti ni kwamba kiti kikisogezwa mbele kwa mtu mfupi au nyuma kwa mrefu, mfuko unakwenda naye. Na ukigongwa ubavuni, kati yako na mlango hakuna bonde, ni sentimita chache, kwa hiyo mfuko unatakiwa uwe umeshajaa ndani ya kama milisekunde 10 hadi 20. Kufumba na kufumbua macho ni muda mrefu kuliko huo.

Spidi hiyo inatoka wapi? Ni kama baruti. Ndani kuna kitu kama kiberiti cha umeme, kiwaya chembamba kilichozungukwa na unga unaolipuka. Umeme ukipita kiwaya kinapata moto, unga unawaka, mfuko unajaa. Na umeme wenyewe hauhitaji kuwa mwingi. Viberiti vingi vya namna hii vinawaka kwa ampea 1.2 zikipita kwa milisekunde 2 tu.

Hapa sasa naomba wadau mnisikilize vizuri. Mafundi wetu wengi wanatafuta waya wenye moto kwa kutumia balbu ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili, upande mmoja kwenye betri, upande wa pili wanagusagusa. Mimi mwenyewe nimeshashikishwa hiyo balbu. Turudi darasani kidogo, wati gawanya kwa volti unapata ampea. Balbu ya indiketa ni wati 21, betri ni volti 12, jibu ni ampea 1.75. Hata ukijumlisha ukinzani wa kile kiberiti, ambao ni kama omu 2, bado unabaki na ampea 1.3 na ushee. Na balbu ikiwa bado ya baridi inavuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo fundi aliyeinamisha kichwa kwenye kiti akigusa soketi ya njano na balbu yake, ameshafanya kila kitu kinachohitajika kuulipua huo mfuko usoni kwake. Ndiyo maana hata kuupima kwa mita ya kawaida ya omu vitabu vinakataza, kwa sababu mita nayo inapitisha umeme wake.

Waliotengeneza hizo soketi walilifikiria hilo. Nyingi zina kibati kidogo ndani ambacho, soketi ikichomolewa, kinaunganisha pini mbili za upande wa kiti zenyewe kwa zenyewe. Hapo hata umeme wa msuguano, ule wa kujisugua kwenye kitambaa, hauwezi kupita kwenye kiberiti. Ukiikata soketi kwa koleo, hicho kibati kinabaki kwenye kipande ulichokitupa, na kiti kinabaki na nyaya mbili wazi. Kinga imekwenda na maji.

Kitu kingine ni betri. Ukitaka kutoa kiti unazima gari, unatoa waya wa hasi kwenye betri, kisha unasubiri kabla ya kugusa soketi. Toyota wanasema angalau sekunde 90, Honda wanasema dakika 3. Kwani unasubiri nini na betri imeshatoka? Kompyuta ya eabegi ina kapasita yake ya akiba, ili ajali ikipasua betri, mifuko iweze kufumuka bado. Hiyo akiba inahitaji muda wa kuisha.

Sasa mbona mafundi hawatoi betri? Nilipowauliza jibu halikuwa uzembe kama nilivyodhani. Ni redio! Redio nyingi za magari ya Japani, ukitoa betri, zinajifunga na kuomba namba au kile kikadi cha ramani ambacho kilishabaki kwa mwenye gari wa kwanza huko Japani. Mteja anakuja kuchukua gari, redio imekufa, fundi anadaiwa. Kwa hiyo fundi anaona bora acheze na baruti kuliko kugombana na mteja kwa ajili ya muziki. Ukipeleka gari, mwambie mwenyewe kabisa kabla, redio ikijifunga ni juu yangu, toa betri. Utaona anavyopumua.

Kama kiti ni cha umeme kuna mtego mdogo hapo. Bolti za mbele unazifikia kiti kikiwa nyuma, za nyuma unazifikia kikiwa mbele. Ukikimbilia kutoa betri kwanza, kiti kitakwama na bolti mbili utaziangalia kwa macho tu. Fungua zote nne kwanza, ndipo utoe betri, usubiri, ndipo uchomoe soketi. Kurudisha vilevile, soketi zote ziwe zimeingia mpaka zilie "ta!" kabla ya betri kurudi. Ukiwasha swichi wakati kiti kimechomolewa, hata kwa kusogeza gari kidogo tu pale gereji, kompyuta inaandika kosa na kwenye magari mengi taa haizimi tena mpaka lifutwe na mashine. Nadhani ndicho kilichompata anko siku ile ya kwanza, hakikuwa kitu kikubwa.

Ila yule fundi wa pili akakifanya kiwe kikubwa. Kompyuta ya eabegi kila wakati inapitisha umeme mdogo sana kwenye kila kiberiti kuangalia kama kipo. Ikisoma zile omu 2 hivi inaridhika, ikisoma tofauti inawasha taa, na gari linaweza kuuzima mfumo wa eabegi. Fundi akakata soketi, akaweka rezista ya omu hizohizo, kisha akafuta kosa. Kompyuta ikadanganyika, taa ikazimika. Kuanzia hapo kompyuta inaamini kiti kina eabegi wakati inaongea na punje ya mchele.

Kuna mafundi ambao hata hiyo rezista hawahangaiki nayo, wanatoa balbu ya taa kwenye dashibodi au wanaibandika selotepu. Wewe unayenunua gari kwa mtu, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi lazima iwake, ikae kama sekunde 6, izime. Ikibaki inawaka kuna tatizo. Isipowaka kabisa, hilo ndilo baya zaidi, maana kuna mtu kaifunga mdomo. Rezista haitaonekana kwa njia hiyo, kwa hiyo inama na tochi uangalie soketi ya njano kama ni nzima.

Na si kila taa inaletwa na fundi. Wanapoosha magari wanamwaga maji na sabuni mpaka chini ya kapeti, soketi zinashika kutu ya kijani. Mota ya kiti haijali kutu kidogo kwa sababu inavuta umeme mwingi. Eabegi inajali, maana kutu ikiongeza omu 1 tu juu ya zile 2, kompyuta inashtuka. Hata chupa ya maji iliyobingirika chini ya kiti, ukivuta kiti nyuma, inaweza kubana nyaya.

Haya mambo yanawasumbua hata wenyewe wanaotengeneza. Kwenye magari ya familia yenye viti vya kati vya kung'oa, njia rahisi ni kiti kisicho na umeme wowote. Kikiwa na umeme inabidi aidha mtu achomoe soketi kwa mkono, au waweke pini sakafuni zinazokutana zenyewe kiti kikijifunga, na hapo mchanga na soda ya watoto vinaingia. Toyota Sienna ya Marekani ilikuwa na viti vya kati vya kutoa, lakini toleo la mwaka 2021 lilipokuja na eabegi ndani ya viti hivyo, havikuwa tena vya mwenye gari kuvitoa.

Kwa anko, tulipata kipande cha nyaya chenye soketi nzima kutoka gari la aina hiyohiyo lililokatwa, fundi mwenye mashine akatoa rezista, akakifunga, akafuta kosa. Taa inawaka sekunde chache inazima. Nikadhani tumemaliza. Fundi akapitisha kidole kwenye ubavu wa kiti, akatikisa kichwa. Mshono wa kiwandani pale unashonwa kwa uzi dhaifu makusudi ili mfuko uupasue utoke. Wale vijana wa ngozi walipitisha uzi wa nailoni mistari miwili, mzuri wa kupendeza, na ngozi nene juu yake. Umeme umepona, mfuko hauna pa kutokea. Makava ya kuvalisha yanayofunika ubavu wote yana kesi hiyohiyo.

Kiti cha dereva kimeshafumuliwa, pale ubavuni ngozi imetolewa na kipande cha zamani kimerudishwa. Cha abiria anko anasema kisubiri mwisho wa mwezi. Sawa, ila kwa sasa akinipa lifti mimi nakaa nyuma.