Mtoto akiandika "egitabo"

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo dogo linalowapotezea watoto alama. Mtoto wa nyumba ya Kinyarwanda ao Kirundi, akiandika Kinyankole, anaweka "egitabo" badala ya "ekitabo". Huku Nakivale wenzake wanamcheka, na akihamia shule ya Makenke au Mbarara mjini ni vilevile. Si ujinga, amefuata kanuni ya kwao.

Wekeni vidole kooni, mseme s, halafu z. Z inatetemeka, s haitetemeki. Katika Kinyarwanda na Kirundi, k ya kiambishi inageuka g kama silabi inayofuata inaanza na sauti isiyotetemeka: k, t, s, f. Ndiyo maana tunasema gukora na gusoma, lakini kubona na kuzana. Hesabuni mara: kabiri, gatatu, kane, gatanu. Nani alitufundisha? Hakuna! Wakikuyu wa Kenya wanayo pia, ndiyo lugha yao wakaiita Gĩkũyũ. Wataalamu wanaiita Sheria ya Dahl, jina la mmisionari Mjerumani.

Kinyankole hakina kanuni hiyo: okukora, kashatu.

Jioni mpeni mtoto maneno kumi, ayaseme kwa lugha zote mbili, vidole kooni. Msimkataze ya nyumbani. Wale wa nyumba za Kiswahili wanaojifunza Kinyarwanda wafanye zoezi hilohilo kinyume.