Je, Wajua Ramani ya Tovuti Hufanya Kazi Gani?

Anayetafuta ploti Kitengela siku hizi huanzia kwenye simu. Anaandika "ploti Kitengela hati tayari", na kufumba na kufumbua majibu yamejipanga. Injini ya utafutaji haikuanza kuzunguka mtandaoni dakika hiyo. Roboti zake zilipita mapema, zikasoma kurasa na kuzitia kwenye faharasa. Tangazo ambalo hazikulifikia halitatokea, hata ploti iwe nzuri namna gani.

Roboti hizo husafiri kwa viungo, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Ukurasa usioelekezwa na kiungo chochote ndio unaosahaulika, na kwenye tovuti za ploti kurasa za aina hiyo ni nyingi: tangazo la Isinya limewekwa asubuhi, la Noonkopir ni la ploti iliyouzwa jana, mengine hayaonekani mpaka mtu ajaze kisanduku cha kutafutia. Roboti kwa kawaida haijazi kisanduku.

Ramani ya tovuti imeundwa kwa ajili ya hali hiyo. Ni faili la maandishi matupu, aghalabu likiitwa sitemap.xml. Ukilifungua huoni picha wala rangi. Kila ukurasa una kifungu chake: alama ya "loc" hubeba anwani kamili kuanzia https, na "lastmod" hubeba tarehe ukurasa ulipobadilishwa mara ya mwisho, mwaka ukitangulia, mathalani 2025-03-14. Faili moja halipaswi kuzidi anwani 50,000 wala megabaiti 50 kabla ya kubanwa. Tovuti kubwa zaidi hugawa mafaili, kisha faili jingine huyaorodhesha.

Google ndiyo iliyoanzisha utaratibu huu mwaka 2005. Novemba 2006 Yahoo na Microsoft ziliukubali, na mwaka 2007 ikawezekana kuandika mstari mmoja tu ndani ya robots.txt, faili la maelekezo kwa roboti, kuzionyesha zote ramani iko wapi.

Kuitengeneza si kazi ngumu. WordPress, programu ya kujengea tovuti, huiunda yenyewe tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, kwa hiyo mwenye duka la hadiwea kando ya barabara ya Namanga anayeitumia huenda anayo ramani tayari bila habari. Kilichobaki ni kuiwasilisha kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google, ambako ataona kurasa zipi zimeingia kwenye faharasa, zipi zimeachwa na kwa nini. Sehemu hiyo ya "kwa nini" ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Iko pia ramani ya pili, ya kusomwa na watu: ukurasa wa kawaida uliopanga viungo vyote kwa mafungu. Chukua mfano wa tovuti ya kaunti. Kaunti ya Kajiado, iliko Kitengela, ina wadi 25 na, kwa sensa ya 2019, wakazi zaidi ya milioni 1.1, kuanzia Ngong hadi Loitokitok. Mzazi wa Oloosirkon anayetaka fomu ya basari, au fundi wa Bisil anayefuatilia zabuni, hana haja na sitemap.xml. Anataka orodha inayosomeka kwenye simu ndogo, idara kwa idara. Tovuti yoyote ya umma inastahili kuwa na ramani zote mbili.

Ramani hailazimishi roboti kusoma kitu, inapendekeza tu. Google imesema wazi kwamba haizingatii alama ya "priority", ambayo wengi huipandisha wakidhani itawatanguliza. Tarehe ya "lastmod" huizingatia, mradi iwe ya kweli. Anayebadilisha tarehe kila siku bila kubadilisha ukurasa hujikosesha imani ya Google.

Kama una tovuti, fungua anwani yako leo ukiongeza /sitemap.xml mwishoni. Ondoa kila ploti iliyokwisha kuuzwa, na uhakikishe iliyowekwa wiki hii imo.