Kutoka Kangemi hadi Bonde la Ufa: shuka pale wenye magari husimama

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama wa uji hajamaliza birika la kwanza, magari yenye baiskeli mgongoni hupita Kangemi bila hata kupunguza mwendo. Mababi hao. Wanafuata Waiyaki Way hadi bondeni, na jioni utawaona wakirudi na viatu vimejaa vumbi na karoti za Soko Mjinga kiti cha nyuma. Sisi tunaoishi kando ya barabara yenyewe, wengi tunaijua safari hiyo kwa sababu mbili tu: Krismasi na mazishi. Unaketi dirishani, bonde linafunguka ghafla upande wa kushoto, unatoa simu, na kabla kamera haijafunguka dereva ameshakata kona.

Na si mbali. Kutoka steji ya Kangemi hadi pale watu wanapopigia picha juu ya bonde haifiki kilomita 50. Shida ni kwamba raha ya barabara hii ilipangiwa mtu mwenye gari, anayesimama akitaka na kuondoka akitaka. Makanga hana huo muda. Lakini inawezekana, na wasee wengi wa mtaa wanaifanya. Hii hapa namna.

Kwanza elewa barabara. Waiyaki Way imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa na Waingereza 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani, yaani upande ule mwingine kabisa. Kutoka Kangemi unapita Uthiru, Kinoo, Gitaru na Muguga, halafu pale Rironi njia inagawanyika. Ya juu inapita Limuru, Uplands na Kimende hadi Naivasha. Ya chini inateremka ukingo wa bonde hadi Mai Mahiu. Ukiwa na siku moja, chagua moja.

Ya juu ni ya msitu na baridi. Shuka Kimende, chukua boda hadi msitu wa Kereita, ambao ni ncha ya kusini ya Aberdare. Kuna maporomoko ya maji, mapango, na ndovu pia, kwa hivyo usiingie ukijifanya mwenyeji. Tafuta mtu wa kukuongoza langoni. Kuna pia mchezo wa kuteleza kwenye waya juu ya miti. Nimeutazama nikiwa chini, shingo juu. Bei yake ni ya mtu mwenye payslipu, na mimi tangu karo inishinde chuoni naishi kwa kazi za mkono kwa mdomo. Kutembea kwenyewe kunatosha. Beba jaketi, hata kama Kangemi umeacha jua.

Ya chini ndiyo ninayoipenda mimi. Ukishapita Rironi, mashamba yanakuwa membamba, ukungu unaingia, kisha ardhi inaisha. Ndivyo inavyoonekana: inaisha. Chini kabisa kuna tambarare ya Kedong, Longonot upande wa kulia, Suswa mbali kushoto, na vivuli vya mawingu vikitembea juu ya nyasi kama mifugo. Mpasuko huu unaanzia Mashariki ya Kati na kushuka hadi Msumbiji, na wewe umeufikia kwa matatu.

Mwambie makanga mapema, ukiwa bado Kinoo, kwamba unashukia vyupointi. Ukimwambia mkiwa tayari kwenye mteremko atakuambia gari haliwezi kusimama, na atakuwa anasema ukweli. Malori ya Uganda hushuka hapo breki zikinuka, na mabega ya barabara ni membamba. Shukia kwenye vibanda, mahali penye nafasi ya magari kuegesha, si popote ulipoona pazuri. Na tafadhali, hiyo selfi ya kukalia reli ya barabarani huku lori linakuja nyuma, waachie wengine.

Vibanda vyenyewe vimeshikilia ukingo kwa mbao. Mbele kuna ngozi za kondoo, kofia za manyoya, mashuka ya Kimaasai na vinyago vya mawe kutoka Kisii. Nyuma kuna jukwaa la mbao ambalo ndilo dirisha lenyewe la bonde. Kuangalia ni bure, lakini utaitwa dukani, na si vibaya kuitwa. Nunua hata mahindi choma. Hao wauzaji ndio wamefanya mahali hapo pawe mahali. Bila wao pangekuwa kona tu yenye reli.

Teremka zaidi na kando ya barabara utaona kanisa dogo sana la mawe. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walilijenga 1942. Waingereza walikuwa wamewashinda Ethiopia na Somalia, wakawaleta hapa kuchonga barabara hii kwenye mwamba. Ni dogo kiasi kwamba kamati ya harusi ya Kangemi haiwezi kutosha ndani, achilia mbali harusi. Mimi si mtu wa makanisa sana, lakini nilikaa mle ndani dakika kumi nikiwaza jamaa waliotoka Italia, wakashindwa vita visivyowahusu, wakaishia kupasua mawe Kijabe, na siku ya kupumzika bado wakajenga. Malori yanapita mlangoni. Ndani kimya.

Kutoka hapo hadi mjini Mai Mahiu usitembee kwa miguu. Hakuna njia ya miguu. Subiri gari linaloshuka. Na msimu wa mvua kubwa, hasa Aprili, fuata habari kwanza. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka usiku kutoka huko juu na kufagia kijiji cha Kamuchiri, na makumi ya watu wakafa. Unapopita hapo na mbogi yako na muziki, punguza kidogo.

Mai Mahiu kula chapati madondo, kisha panda gari la kuelekea Naivasha na ushukie Longonot. Huu ndio mlima wa watu wetu: hauhitaji gari wala vifaa vya bei. Kutoka langoni hadi ukingo wa volkano ni kilomita 3.1, na kuzunguka ukingo mzima ni kilomita 7.2. Kilele kiko mita 2,776. Kwa karatasi ni rahisi. Kwa miguu ni vumbi laini linalokurudisha nyuma hatua moja kwa kila mbili, jua bila kivuli, na upande wa kilele kuna mahali utashika mawe kwa mikono. Beba maji, angalau lita mbili, kwa sababu huko juu hakuna kioski. Anza kabla ya saa nne asubuhi. Ukifika ukingoni na kuona msitu umejificha ndani ya shimo, utajua kwa nini watu hurudi.

Ada za KWS hulipwa kwa eCitizen, si pesa taslimu, na hubadilika, kwa hivyo angalia siku hiyo hiyo na ubebe kitambulisho. Kuna wasee wamewahi kufika langoni na noti mfukoni wakarudi nyumbani.

Hell's Gate ni mbele zaidi, baada ya Naivasha, na inastahili siku yake. Ni mojawapo ya mbuga chache ambapo unaweza kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Za kukodi ziko langoni. Lile korongo ni zuri, ila limeua watu kwa mafuriko ya ghafla 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kuwa inanyesha mbali na wewe uko kwenye jua. Askari wa mbuga akisema limefungwa, limefungwa.

Kurudi ndiko kugumu. Matatu kutoka Naivasha na Narok hupanda zikiwa zimejaa, na kwenye vyupointi unaweza kupungiwa mkono mpaka giza. Rudi hadi Mai Mahiu mjini, upande gari pale, kabla ya saa kumi na moja jioni. Njia bora ni kuchanga: watu kumi na wanne, matatu moja ya kukodi, na mkubaliane na dereva vituo vyote kabla hamjalipa. Mkilipa kwanza, kanisa litapitwa kwa kasi ile ile.

Sasa kuna jambo lingine linalonifanya niseme nenda mwaka huu. Novemba 2025 serikali ilizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na ya Mai Mahiu hadi Naivasha imo ndani ya mradi. Itakuwa ya kulipia, na kiwango kilichotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita. Njia pana itaokoa maisha, sibishani. Foleni za Krismasi tunazijua. Lakini hapa mtaani tumeona Expressway ikiishia Westlands, na tunajua nani hulipia barabara ya kulipia na nani hubaki chini yake. Matatu zikilipa, nauli itatuambia.

Zaidi ya hapo nataka kujua vibanda vitahamia wapi. Barabara ya mwendo kasi haipendi watu wanaosimama. Ikiwa ramani mpya ina maegesho, choo na ngazi ya kufikia ukingo, basi iwe pia na mahali matatu inaweza kuegesha dakika kumi na tano bila askari kuandika faini, na nafasi kwa muuza kofia aliyekuwa pale kabla ya lami mpya. Wahandisi bado wako kazini, na KeNHA ina ofisi Nairobi na kurasa mtandaoni ambako maoni hupokelewa. Mimi yangu nimeshaandika, kwa Kiswahili.